Kabla Hujaandika "Elimu Itolewe": Ushauri kwa Wanafunzi Wapya wa Sosholojia

Wiki hii nimesahihisha ripoti kumi na nne za mafunzo kwa vitendo, na kumi na moja kati yake zimefungwa kwa sentensi ileile: "Jamii haina uelewa wa kutosha, hivyo mtafiti anapendekeza elimu itolewe." Ripoti moja ilihusu vyandarua, nyingine ndoa za utotoni, nyingine uvuvi wa kokoro, nyingine madereva wa bodaboda wasiovaa kofia ngumu, maradhi mbalimbali, dawa moja. Niliweka kalamu nyekundu mezani, nikachemsha chai, nikaona ni heri niyaandike haya mara moja kwa ajili yenu mnaoanza mwaka wa kwanza, na kwa wale wa mwaka wa pili mnaojiandaa kwenda fildi, kuliko kuendelea kuyarudia pembezoni mwa karatasi ya kila mmoja. Siandiki kama mtu asiyekosea, kwani sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini sana, na nitaeleza hapa chini ilinigharimu nini.

1. Nianze na dogo ili tulimalize. Mnaponukuu, mwaka unaowekwa kwenye mabano ni mwaka wa chapisho, si miaka ya uhai wa mwandishi. Kila muhula napokea insha zinazosema "Durkheim (1858–1917) anaeleza kwamba", kana kwamba marehemu huyo, mwanasosholojia wa Ufaransa, alianza kuandika siku aliyozaliwa na akaweka nukta siku aliyokata roho. Kosa hili linatoka kwenye madesa, yale maandishi ya masomo mnayonakiliana, ambamo mtu mmoja alilifanya zamani na wengine wote wakalirithi kama shamba la ukoo.

2. Ukweli wa kijamii haupo Ufaransa peke yake. Wote mnaikariri fasili ya Durkheim ya mwaka 1895: ni namna za kutenda, kufikiri na kuhisi ambazo ziko nje ya mtu binafsi na zina nguvu ya kumshurutisha. Mnaikariri vizuri, mnapata alama, kisha mnatoka nje ya ukumbi mkiamini kwamba fasili hiyo inawahusu watu wengine. Katika semina ya muhula uliopita niliuliza ni nani amewahi kuchangia harusi, na mikono yote ikanyooka; nilipouliza ni nani alilazimishwa, yote ikashuka. Kijana mmoja aliyekaa mbele alisisitiza kwamba yeye alichanga kwa hiari yake kabisa, basi nikamwomba, kama hataona vibaya, atusomee kundi la WhatsApp la harusi ya binamu yake.

Alisoma. Kila jioni, saa mbili hivi, mweka hazina wa kamati alikuwa akiweka orodha: namba, jina, ahadi, kilicholipwa na salio, na mbele ya kila aliyemaliza palikuwa na alama ya vyema ya kijani. Jina la kijana wetu lilikuwa namba 47. Siku ya kwanza waliomzunguka hawakuwa na alama, naye hakujali. Kufikia siku ya sita, namba 46 na namba 48 walikuwa wamekwisha kulipa, na yeye akabaki katikati kama pengo kwenye meno ya mbele. Hakutukanwa, hakupigiwa simu, na hata shangazi yake hakumtumia ujumbe wa mafumbo. Orodha ilipanda tu kila jioni. Siku ya kumi bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu chuoni, liliingia, akalipa ahadi yote saa tatu asubuhi, kabla hajalipa deni la chakula kwa mama lishe. Darasa lilicheka sana, naye akacheka, kisha akanyamaza na kusema, "Kumbe." Neno hilo moja lilinifurahisha kuliko insha zake zote za muhula ule, kwa sababu Durkheim alisema jambo hilihili: anayefuata mkondo haisikii nguvu ya maji, bali huisikia yule anayejaribu kusimama.

Swali la nyongeza lilikuwa ahadi yenyewe aliipangaje, na ikabainika kwamba hakuipanga yeye. Mama yake ana daftari la harusi ya dada yao mkubwa, lenye majina na kiasi alichotoa kila mtu, na ndilo lililoamua. Robert Merton alitenganisha mwaka 1949 kazi dhahiri ya jambo na kazi yake fiche: kazi dhahiri ya mchango ni kulipia ukumbi na pilau, na kazi yake fiche imo ndani ya daftari lile, yaani kuwafunga watu kwa madeni yasiyoisha hata waendelee kuwa ndugu. Mkitaka mfano wa mtihani, uchukueni huu. Mfano wa kazi fiche uliomo kwenye madesa nimeusoma mara nyingi kiasi kwamba macho yangu huuruka yenyewe.

3. Kusema "shikamoo" ni kaida, yaani namna ya kutenda inayotarajiwa, na heshima ni tunu, yaani kile tunachokithamini, na atakayezichanganya tena mbele yangu nitamkata alama mbili bila maelezo.

4. Sasa kosa langu. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikachukuliwa kama mhojaji katika utafiti wa vyoo vya kaya katika kijiji ambacho sitakitaja, kwa sababu nilisamehewa huko na sitaki kuufukua msamaha wa watu. Tulikuwa na dodoso refu lililobanwa kwenye ubao, na swali la kumi na saba liliuliza: "Je, wanakaya wote wanatumia choo hiki?" Lilikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyetuzungusha nyumba kwa nyumba. Siku ya pili asubuhi tulifika kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe. Mkewe alikuwa kando yake akichambua choroko kwenye ungo, na mkamwana wao alikuwa hatua chache kutoka pale, akisugua sufuria kwa majivu. Choo kilinipendeza: kuta za udongo zilizosawazishwa, paa la nyasi lisilovuja, tundu lenye mfuniko, na nje kibuyu chirizi kilichofungiwa kipande cha sabuni kwa kamba. Nilijaza visanduku vyangu kwa furaha mpaka nikafika swali la kumi na saba.

Mzee alitazama chini na kusema, "Tunatumia." Mhojaji mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kudodosa, na nilikuwa nimekwisha kuiona njia nyembamba iliyokanyagwa vizuri kuelekea kichakani, basi nikadodosa: "Wote, mzee wangu? Hata wewe mwenyewe? Maana naona njia ya kule inapitwa sana." Nilijiona mpelelezi hodari. Mkamwana aliiacha sufuria palepale, nusu imesuguliwa na nusu nyeusi, akaingia ndani bila kuinua uso. Mikono ya bibi ilisimama kwenye ungo. Mwenyekiti alikohoa, akasema twende nyumba nyingine kwa kuwa jua linakwenda, ilhali ilikuwa bado saa nne asubuhi. Nikatia alama kwenye "hapana", na kwenye nafasi ya maoni nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Mkuu wa kaya anajisaidia porini licha ya kuwa na choo bora. Uelewa mdogo. Elimu itolewe."

Mchana huo kaya tatu zilizokuwa zikitusubiri zilikuwa zimekwenda shamba kwa ghafla. Kesho yake zilikuwa kaya zote. Jioni mwenyekiti alikuja mahali tulipofikia, akakaa, akakataa chai, na nilipoona amekataa chai ndipo nilipoanza kuogopa. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba kwao baba mkwe haingii mahali anapoingia mkamwana wake kwa haja ile, na kwamba si kutumia tu, hata kulitaja jambo hilo wakiwa wote wawili hapo ni aibu inayovunja nyumba. Choo kile mzee alikichimba mwenyewe mwanawe alipooa, ili mkamwana asipate tabu. Chake cha zamani kilititia wakati wa masika, na nguvu za kuchimba kingine hakuwa nazo tena, wakati mwanawe yuko mjini akitafuta. Alikuwa anakwenda kichakani, akiwa na magoti mabovu, kwa kumheshimu binti wa watu.

Likaja lililonimaliza kabisa. Mwaka 1973 nchi hii ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na uchimbaji wa vyoo ulikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Mzee wangu wa uelewa mdogo alikuwa kiongozi wa kikundi kimojawapo. Alikuwa amewafundisha wenzake kuchimba vyoo kabla mimi sijazaliwa, nami nilikuwa nimependekeza apewe elimu.

Faini ilikuwa jogoo mmoja na kilo mbili za sukari, na nililipa kwa posho ya siku mbili. Nilitaka kwenda kuomba radhi kwa kinywa changu, nikaambiwa haiwezekani, kwa kuwa kijana aliyelitaja jambo hilo mara moja haruhusiwi kulitaja tena hata kwa kuomba msamaha. Niliketi mkekani, kichwa chini, huku mwenyekiti akizungumza kwa niaba yangu kwa maneno ya kuzunguka sana, bila neno "choo" kutamkwa hata mara moja. Mambo yalikuwa mazito mpaka alipofika mtani wa ukoo ule, mzee mwembamba mwenye kofia iliyotoboka, ambaye alinitazama, akamtazama jogoo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Msameheni huyu, kwao hakuna vichaka." Mzee alicheka, bibi akacheka kwa kuficha uso kwa khanga, na kesho yake milango ilifunguliwa. Mtani alikuwa na ruhusa ya kulisema lile ambalo sisi wengine wote tulikuwa tumefungwa midomo tusiliseme.

Niliporudi chuoni ndipo nilipokwenda kusoma vizuri nilichotakiwa kukisoma kabla. William Graham Sumner alitofautisha mwaka 1906 desturi za kawaida, ambazo anayezivunja huonekana tu wa ajabu, na miiko ambayo kuivunja ni kugusa uhai wa jamii yenyewe. Mimi nililiona swali la kumi na saba kuwa la aina ya kwanza, sawa na kuuliza mtu anakula ugali au wali. A. R. Radcliffe-Brown alionyesha mwaka 1940 kwamba ukwe wa kukwepana na utani wa kutaniana ni njia mbili za kazi moja, yaani kuwaweka pamoja kwa amani watu ambao uhusiano wao ungeweza kuleta ugomvi. Anasimulia kwamba alimuuliza mtu mmoja wa wenyeji wa Australia kwa nini anamkwepa mama mkwe wake, akajibiwa kuwa ni kwa sababu huyo ndiye rafiki yake mkubwa kuliko wote duniani, kwani ndiye aliyempa mke. Nilikuwa nimeyapitia haya yote kwa ajili ya mtihani, na niliyajibu vizuri. Nilipoiona njia ya kichakani kwa macho yangu, niliona ujinga wa mtu mmoja.

Tazameni basi kilichokuwa na kasoro katika maoni yangu. Mzee hakupungukiwa na maarifa. Alikuwa na maarifa mawili yanayovutana, ya afya na ya ukwe, na lile la pili lilikuwa na mashahidi wengi zaidi kila siku. Pendekezo lenye maana lilikuwa kwamba katika boma linaloishi wakwe pamoja, choo kimoja hakitoshi hata kama idadi ya vichwa inasema kinatosha, kwa hiyo hesabu ya vyoo ifanywe kwa kufuata mahusiano ya watu wanaoishi pale. Pendekezo hilo lingemchimbia mtu shimo la pili. Langu lingemletea semina.

Msimamizi wangu, mama mmoja mkali na mwenye huruma kwa zamu, aliandika pembeni mwa ripoti yangu maneno matatu: "Elimu kwa nani?" Nilidhani ananiuliza walengwa, nikaongeza aya nzima kuhusu wanawake, vijana na makundi maalumu. Ilinichukua karibu mwaka mmoja kuelewa alichokuwa akisema.

5. Mambo mafupi. Barua ya utambulisho ianzie kwa mtendaji wa kata kabla ya kijiji, na mwe na nakala tatu. Maelezo ya fildi yaandikwe usiku uleule, kwa sababu asubuhi utaandika unachodhani ulikiona. Kabla ya kuuliza swali lolote geuka nyuma uone nani amekaa hapo.

6. Hilo la mwisho linahitaji maneno zaidi kidogo. Erving Goffman alifanya fildi yake katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, na humo katika hoteli moja aliona wahudumu wakiwa watu wengine mbele ya wageni na wengine tena jikoni. Hapo ndipo hoja yake ya jukwaa na nyuma ya pazia ilipopata nyama. Sisi hatuhitaji kukopa jukwaa la mtu, kwa kuwa nyumba zetu za pwani zimejengwa zikiwa na baraza na ua, na kila mtoto aliyekulia humo anajua kwamba sauti ya barazani si sauti ya uani. Nawaona wahojaji wetu wanawahoji wanawake barazani, waume zao wakiwa wameketi kiti cha pili, kisha wanaandika kwamba katika kijiji hicho maamuzi ya fedha hufanywa kwa pamoja. Mkaribishwe uani kwanza. Ikiwa wewe ni kijana wa kiume na uani huingii, mpeleke mwenzako wa kike, na ukubali kwamba jinsia yako, umri wako na viatu vyako ni sehemu ya data, kwa maana mhojiwa alianza kukujibu tangu alipokuona unakuja njiani.

7. Kuna kosa la upande wa pili, nalo huwapata wanafunzi wenye bidii. Wakishaigundua jamii, mtu anatoweka. Kila kitu kinakuwa "jamii imemfanya": jamii imemfanya aibe mtihani, jamii imemfanya achelewe semina. Mmoja aliniletea udhuru wa aina hiyo kwa maandishi, akiwa ametaja vyanzo viwili, na kwa kweli nilisita kidogo kabla ya kukataa. Kijijini kwa mzee wangu mwiko ulikuwa mmoja, lakini watu waliuishi kwa namna nyingi. Kaya moja ilichimba shimo la pili mwezi uleule bibi harusi alipofika. Nyingine iliweka ukuta katikati na milango miwili iliyotazama pande tofauti, wakakubaliana kuwa hivyo ni vyoo viwili. Na nyumba ya tatu kutoka pale baba mkwe alikitumia choo cha wote, usiku wa manane, bila taa, na nyumba nzima ikalala usingizi mzito sana kila alipotoka. Max Weber alisisitiza kwamba tendo la kijamii haliwezi kuelezwa bila kujua maana ambayo mtendaji mwenyewe anaipa, na hamtaipata maana hiyo kwa kuhesabu vyoo wala kwa kutamka neno "muundo" kwa sauti nzito.

C. Wright Mills alitoa mwaka 1959 kipimo ambacho bado nakitumia. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, hiyo ni shida yake, na tutaangalia tabia yake na ujuzi wake. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, watu milioni 15 wakikosa kazi, kuwachunguza tabia mmoja mmoja ni kupoteza wakati, kwani mlango wenyewe umeporomoka. Lifanyieni mazoezi jambo hilo hapa hapa chuoni kabla ya kwenda kijijini kwa watu. Mwanafunzi mmoja akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu, nitamwita ofisini. Nusu ya darasa ikipata sapu, nitamtembelea mwalimu wa takwimu, ingawa ni rafiki yangu na ana hasira.

Nilikuwa nimefika hapa nilipopokea tena ripoti ya vyandarua niliyoirudisha juzi. Binti mwenye ripoti hiyo ni mwerevu, na data zake ni nzuri kuliko anavyojua: ukurasa wa tisa ameandika mwenyewe kwamba kaya zote alizozihoji zinajua malaria huletwa na mbu, na ukurasa wa kumi na moja amenukuu mama mmoja akisema kwamba chandarua ni kimoja, na mgeni akija ndiye anayelazwa humo. Mama huyo amempa kaida, tunu na hadhi ya mgeni katika sentensi moja, bure, na kazi iliyobaki ilikuwa kumsikiliza. Nilimwandikia pembeni "Elimu kwa nani?" kwa wino mwekundu, nikapiga mstari chini ya maneno ya mama yule.

Nimefungua ukurasa wa mwisho kwa matumaini. "Elimu itolewe" ameifuta. Mahali pake ameandika, "Uhamasishaji uimarishwe." Nimemrudishia.